Magofu ya Kaole na swali la "sisi tulikuwa wapi?"

Nani alitufundisha kwamba mji wa kale lazima uwe mbali? Mwulize kijana yeyote aliyemaliza sekondari hapa kwetu akutajie miji ya kale. Atakutajia Roma, Athens, Babeli, na kama alikuwa hasinzii kipindi cha historia atakuongezea Karthago. Sasa mwambie kwamba kilomita kama tano kutoka Bagamoyo mjini kuna mji wa mawe uliokuwa na msikiti wake zaidi ya miaka mia moja kabla Columbus hajazaliwa. Atakukodolea macho. Au atasema, "Aah, yale magofu ya Waarabu?" Na mazungumzo yataishia hapo.

Leo naomba yasiishie hapo. Nataka tuzungumze juu ya hayo "magofu ya Waarabu", kwa sababu naona neno hilo moja limetunyang'anya kitu kikubwa kuliko tunavyodhani.

Mimi nipo Kiwangwa. Kwa wasiopajua, ni kando ya barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata, na kama umewahi kula nanasi tamu Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa lilitoka huku. Kutoka hapa hadi Bagamoyo ni safari ya basi dogo, unavuka mto Ruvu, unashuka stendi, halafu bodaboda inakupeleka Kaole kwa njia ya mchanga katikati ya minazi. Si safari ya kuandaliwa mwezi mzima. Hata hivyo nimekutana na watu wazima, wazaliwa wa wilaya hii hii, ambao hawajawahi kukanyaga pale. Wameshakwenda Mikumi kuona tembo. Kaole, hapana.

Unakuta nini Kaole? Nianze na hilo, maana wengine wanakwenda wakitegemea kuona ghorofa na kuondoka wamenuna. Kuna magofu ya misikiti miwili, na makaburi zaidi ya ishirini. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Msikiti mkubwa hauna paa tena, lakini mihrabu bado imesimama ikielekea kibla, na pembeni kuna kisima. Wenyeji watakuambia kisima hicho hakikauki na maji yake ni baridi, ingawa bahari iko karibu. Kuna kaburi la binti anayeitwa Sharifa, ambalo watu mpaka leo huliendea kuomba dua. Kuna mbuyu mnene sana ambao waongoza wageni husema una miaka mia tano. Na kuna makaburi yenye nguzo. Hayo makaburi ya nguzo naomba uyakumbuke, nitayarudia.

Wanaakiolojia wanakadiria kwamba msikiti ule ulijengwa karne ya 13. Aliyepachimba kwa mara ya kwanza kitaalamu ni Neville Chittick, mwaka 1958, wakati huo akiwa ofisa wa mambo ya kale wa serikali ya Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana Kaole ni vyombo vya udongo vya Kichina, zile bakuli za rangi ya kijani zinazoitwa seladoni. Baadhi ya vitu hivyo utaviona kwenye jumba dogo la makumbusho pale pale.

Bakuli la Kichina lilifikaje Kaole? Si lazima Mchina alete mwenyewe. Bahari ya Hindi ina pepo mbili ambazo kila mvuvi wa pwani anazijua. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kuleta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na India. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili, na kuvirudisha. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja kusi. Kungoja huko ndiko kulikozaa miji. Mgeni anahitaji mahali pa kulala, chakula, maji, mtu wa kumdhamini, na mara nyingi alipata na mke. Bakuli lilitoka China likauzwa India, likauzwa tena Uarabuni, mpaka likafika hapa, na huku likabadilishwa na pembe za ndovu na mali nyingine za bara. Mali hizo zilipita wapi? Zilipita huku huku kwetu.

Sasa nije kwenye swali. Siku niliyokwenda kulikuwa na kundi la wanafunzi wa shule ya msingi. Mwongozaji akaeleza vizuri tu: msikiti, mihrabu, kisima, sultani, Washirazi. Akamaliza. Mtoto mmoja wa kiume, mdogo mdogo, akanyoosha mkono akauliza, "Na sisi tulikuwa wapi?" Wenzake wakacheka. Mwalimu akasema twende, muda umekwisha.

Jamani, mimi lile swali lilinikaa. Mtoto yule si mjinga. Amesikiliza hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na katika hadithi nzima hakumsikia babu yake. Msikiti ni wa Waarabu, bakuli ni la Wachina, mchimbaji ni Mwingereza. Basi yeye ametokea wapi? Kama hakuna wa kumjibu, atajijibu mwenyewe kwamba babu zake walikuwa porini wakingoja kugunduliwa.

Nijaribu kumjibu hapa.

Chittick mwenyewe na wasomi wengi wa wakati wake waliamini kwamba miji hii ya pwani ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo, na Mwafrika alikuja baadaye kama mtumishi au kama mke. Si ajabu. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na fikra iliyotawala ni kwamba kila kilichojengwa kwa mawe Afrika lazima kijengwe na mtu mwingine. Ndivyo walivyosema pia juu ya Zimbabwe Kuu. Lakini tangu wakati huo majembe ya wachimbaji yameingia ardhini zaidi na yameleta habari nyingine.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, chini yake mwingine, na kule chini kabisa, karne ya 8, akakuta alama za msikiti mdogo wa miti. Yaani mji ule haukushuka kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulianza kama kijiji cha nyumba za miti na udongo, kama nyumba unazoziona hadi leo ukipita vijiji vyetu, na ukakua taratibu, kizazi baada ya kizazi, mpaka watu wakapata uwezo wa kujenga kwa mawe.

Hapa nyumbani Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Alifuatilia vigae. Vyungu vya wakati ule vilichorwa pembetatu shingoni, na vyungu vya namna hiyo havipatikani pwani peke yake. Vinapatikana bara pia, mbali na harufu ya chumvi. Watu waliofinyanga vyungu vya pwani na waliofinyanga vya bara walikuwa na mkono mmoja. Mgeni hawezi kuja na chungu cha Mkwere. Chungu hicho kilikuwa hapa kabla yake.

Na hata kabla ya hapo. Kuna kitabu kidogo cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, kinachojulikana kama Periplus. Mwandishi wake anataja soko la mwisho la pwani hii, mji uitwao Rhapta, jina lililotokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Anasema kuna pembe za ndovu kwa wingi, na anasema mabaharia Waarabu waliokuja huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Soma tena hapo: waliijua lugha ya wenyeji. Wageni ndio waliojifunza. Karne ya pili Ptolemy akaitaja Rhapta kuwa mji mkuu. Ulikuwa wapi hasa? Wapo wanaosema Rufiji, wapo wanaosema Pangani, na hoja haijafungwa. Lakini ni katika pwani hii yetu. Kwa hiyo wakati kijana wetu anaisifia Roma, akumbuke kwamba Warumi nao walikuwa na habari za huku, na pembe za ndovu zilizopamba nyumba za matajiri wao huenda nyingine zilitoka maporini mwetu.

Rudi sasa kwenye makaburi ya nguzo. Kaburi limezungushiwa ukuta wa mawe, na kwenye kichwa chake inasimama nguzo. Kwenye baadhi ya nguzo hizo mafundi walichimba vishimo vya kupachika bakuli za Kichina kama mapambo. Utayakuta Kaole, Kunduchi, Tongoni karibu na Tanga, Gedi na Malindi huko Kenya, hadi Somalia. Kule Uarabuni na Uajemi, ambako tunaambiwa mji huu ulitoka, kaburi la namna hii hulikuti. Ni ubunifu wa watu wa pwani hii. Waliipokea dini kutoka ng'ambo, wakamzika maiti wao akielekea kibla kama dini inavyotaka, halafu wakamwekea alama yao wenyewe. Huyo ni mtu anayejijua ni nani.

Najua kuna wasomaji wataniambia nimeingiwa na ushabiki wa Uafrika. Subirini kidogo, maana upande wa pili nao nauwekea maneno. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani na mji mmoja wa bara, kati ya karne ya 13 na ya 19 hivi, pamoja na Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yake hayakuwafurahisha mashabiki wa upande wowote. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa mababu Waafrika, na hasa kwa wanawake. Lakini sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, na sehemu hiyo kwa asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000.

Maana yake ni nini? Kwanza, wazee wa pwani waliosema "sisi Washirazi" hawakuwa waongo kama wasomi fulani walivyowacheka. Kweli kuna baba aliyetoka Uajemi. Pili, kuna mama, na mama huyo alikuwa mwenyeji, na ndiye aliyebeba lugha. Ndiyo maana hatuzungumzi Kiajemi leo. Tunazungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu kuanzia kwenye uti wa mgongo wake, yenye maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kireno yaliyovikwa kanga ya Kibantu. Mtoto aliyeuliza sisi tulikuwa wapi angepaswa kujibiwa: bibi yako alikuwa ndani ya nyumba hii, na ndiye mwenye nyumba.

Hapa Kiwangwa tuna mfano mzuri ambao hauhitaji hata maabara. Nanasi si tunda la Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani na Wareno. Hata jina lake limesafiri pamoja nalo. Lakini nenda shambani alfajiri ukamwone mama ameinama kwenye miba, halafu mwambie kwamba shamba hilo ni la Wabrazili. Atakufukuza na jembe. Mbegu ilitoka mbali, ardhi ni yake, jasho ni lake, na utamu unaosifiwa Dar ni wa Kiwangwa. Kama tunalielewa hilo kwa nanasi, kwa nini linatushinda kwa msikiti?

Nadhani ninajua kwa nini. Ni kwa sababu ya karne ya 19. Bagamoyo tunayoikumbuka ni ile ya misafara, ya pembe na watumwa, chini ya masultani wa Kiomani waliokaa Zanzibar. Machungu yale ni ya kweli na sina haja ya kuyapunguza. Lakini tumeyachukua machungu ya karne ya 19 tukayamwagia mji wa karne ya 13. Kati ya wajenzi wa msikiti wa Kaole na Sultani wa Zanzibar kuna karne kama tano au sita. Ni sawa na kumlaumu babu wa babu wa babu yako kwa deni lililokopwa jana.

Kaole iliangukaje? Hakuna aliyeiteketeza kwa moto. Iliuliwa na matope. Mito humwaga udongo baharini, mikoko hushika udongo huo kwa mizizi yake, udongo ukikaa mikoko mipya huota mbele yake, na taratibu ufuko unasogea mbali na mji. Leo ukisimama msikitini ukitazama baharini, unachokiona kwanza ni ukuta wa mikoko. Vyombo vilipoanza kupata taabu kukaribia, biashara ilihamia Bagamoyo. Masimulizi ya huku yanawataja Washomvi, watu wa pwani hii, na viongozi wao waliopatana na Wazaramo wa bara katika ulinzi na biashara. Kaole haikufa ghafla. Burton na Speke walishukia huko Juni 1857 wakielekea Ziwa Tanganyika, na walikuta askari wa Kibaluchi wa Sultani. Na kijiji cha Kaole kipo mpaka leo, watu wanaishi, wanavua, watoto wanakwenda shule. Hilo nalo tunalisahau tunaposema "mji uliopotea". Mji ulihama, watu hawakupotea.

Tena watu hao waliandika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, jirani kabisa na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin na akafia huko 1927. Huyo mtu ana asili ya Kizaramo, Mwislamu, msomi, na mwenye Kiswahili ambacho wengi wetu leo tungekionea wivu. Ukimwuliza yeye ni Mwarabu au Mwafrika, nadhani angekushangaa.

Kwa nini niandike haya sasa? Kwa sababu historia ya Kaole ina tabia ya kurudi. Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kilomita chache tu kusini ya magofu haya. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Wakati wa Rais Magufuli mradi ukasimamishwa kwa sababu ya masharti yake, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba serikali inafufua mazungumzo. Mimi sipingi bandari. Nasema tu kwamba pale Kaole, kwenye kabati la kioo, kuna bakuli la Kichina linalotuambia kwamba biashara hii si mpya. Tulishawahi kufanya biashara na dunia nzima kutoka ufuko huu huu, na tulijua tunauza nini na tunapata nini. Mtu anayeamini kwamba babu zake waliwahi kuwa wenye mji hukaa mezani tofauti na mtu anayeamini kwamba siku zote yeye ni mgeni wa wageni wake.

Na yapo ya kuogopa pia. Chokaa inabanduka kila masika. Mbuyu umechongwa majina ya watu na mioyo ya wapenzi. Nguzo za makaburi zimebaki na vishimo vitupu ambapo bakuli zilikuwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, zilifika mahali pa kuingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014. Kama Kilwa yenye jina kubwa ilifikia huko, Kaole itajilinda kwa nini? Ulinzi wa kwanza wa gofu ni watu kujua kwamba ni lao. Hakuna anayelinda mali ya jirani aliyehama.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Walimu wa Kiwangwa, Msata, Lugoba, Chalinze: mkipanga safari ya wanafunzi, kabla ya Mikumi wapelekeni Kaole. Na mtoto akiuliza sisi tulikuwa wapi, msimwambie muda umekwisha. Mwonyesheni kaburi la nguzo. Mwonyesheni kigae chenye pembetatu. Mwambieni habari za bibi.

Wapo wazee wanaosimulia kwamba jina lenyewe la Kaole limetokana na neno la Kizaramo, kalole, yaani kaone, nenda ukatazame. Iwe kweli au iwe hadithi, mimi nimelipenda. Nauli si kubwa, njia inapitika, na kisima bado kina maji.

Kalole, ndugu yangu.